Nilivyojiandikisha kuwa mkazi wa Saint-Josse

Nilipopata chumba cha kupanga mjini Brussels, nilidhani kwamba ningejiandikisha kuwa mkazi katika ofisi yoyote ya jiji, mradi niwe na pasipoti na mkataba wa pango. Sikujua kwamba Mkoa wa Brussels una manispaa 19 na kwamba kila moja huandikisha wakazi wake yenyewe. Nilipanga foleni asubuhi nzima katika manispaa isiyo yangu, hadi karani aliponionyesha kwa kalamu tarakimu zilizokuwa kwenye mkataba: 1210, yaani namba ya posta ya Saint-Josse-ten-Noode. Uzembe ulikuwa wangu, ingawa nina kisingizio kidogo: barabara niliyohamia, Chaussée de Haecht, hupita Saint-Josse kisha ikaingia Schaerbeek, ambayo namba yake ni 1030, wala mpita njia haoni mpaka wowote.

Saint-Josse ndiyo manispaa ndogo kuliko zote mkoani humo. Eneo lake limezidi kidogo tu kilomita moja ya mraba, ilhali wakazi wake ni takriban 27,000, na hakuna manispaa nyingine Ubelgiji yenye msongamano kama huo. Mimi msongamano huo niliujulia mlangoni: nyumba yetu, nyembamba na ndefu kwenda juu, ilikuwa imegawanywa kwa kaya tano, na kengele zilikuwa tatu.

Hilo ndilo lililonikwamisha, kwa sababu mtu akishatoa taarifa ya anwani yake, polisi wa mtaa huja kuhakikisha kwamba kweli anaishi hapo. Alipokuja mara ya kwanza hakuona jina langu popote, nami nilikuwa ghorofa ya nne nikikaanga vitunguu, sina habari. Aliyenifumbua macho ni mama mmoja wa Bukavu niliyezoea kuamkiana naye ngazini.

“Mwanangu, andika jina kwenye kengele na kwenye sanduku la barua leo hii,” aliniambia. “Usingoje mwenye nyumba.”

Kwa kuwa kengele yangu mwenyewe haikuwapo, nilikubaliana na jirani wa ghorofa ya tatu tutumie yake: mlio mmoja ni wake, miwili ni yangu. Nilibandika maelezo hayo kwa Kifaransa chini ya majina yetu, kisha nikarudi ofisini kuomba nitembelewe tena. Wiki iliyofuata, mapema asubuhi, kengele ililia mara mbili.