Nani alishika gundi?

Kila gazeti linapogundua kwamba mkubwa fulani ana reli ya mfano nyumbani kwake, yaani treni ndogo na reli zake za kuundwa kwa mkono, maelezo huwa ni yaleyale: ni kiu ya madaraka. Mchana anaamrisha watu, usiku anaamrisha treni. Nimeyasoma hayo mpaka nimeyachoka. Anayeandika hivyo hajawahi kuunga reli hizo hata siku moja, maana angejua kwamba hazina utii. Uchafu kidogo tu juu ya reli unasimamisha treni nzima, na haujali wewe ni waziri au ni mfagizi wa wizara.

Mimi ni fundi umeme, ndiyo kazi inayonilisha. Hobi yangu ni reli ndogo za kipimo cha 1:87, yaani kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko kile halisi, kile kinachoitwa HO. Behewa la abiria la mita 26, kwa kipimo hicho, linakuwa la sentimita 30 hivi. Basi nikisoma habari za watu mashuhuri wenye hobi hii sihangaiki na ukubwa wa reli zao wala bei. Swali langu ni moja: nani alishika gundi, yaani nani alijenga kwa mikono yake? Na kama habari ni ndefu kidogo, naongeza la pili: nyaya alilehemu nani?

Tuanze na mwanasiasa anayetajwa kuliko wote, Horst Seehofer wa Ujerumani. Alikuwa waziri mkuu wa jimbo la Bavaria kuanzia 2008 hadi 2018, kisha waziri wa mambo ya ndani wa Ujerumani yote hadi 2021. Ana nyumba ya mapumziko kijijini Schamhaupten, na chini ya nyumba hiyo ndiko iliko reli yake. Mwaka 2010 jarida la Der Spiegel lilichapisha makala ndefu kumhusu, ikianzia hukohuko chini, Seehofer akiwa mbele ya meza yake ya kuongozea treni. Ndani yake mlikuwa na jambo lililowachekesha Wajerumani wengi: Angela Merkel, wakati huo chansela, naye alikuwa na sanamu yake ndogo pale, akizungushwa na treni.

Makala ilipata tuzo kubwa ya uandishi wa habari mwezi Mei 2011. Jukwaani, siku ya kutolewa tuzo, mwandishi akaulizwa kuhusu chumba kile, ikajulikana kwamba hakuwahi kuingia. Alisimuliwa tu, na Seehofer mwenyewe pamoja na watu wengine. Siku chache baadaye tuzo ikafutwa. Asiyekuwepo na lake halipo.

Kuna walioona adhabu ile imezidi, kwa kuwa hakuna aliyesema maelezo yalikuwa ya uongo. Mimi nasimama na waliofuta tuzo, na sababu yangu ni ya kifundi. Reli ya mfano ukisimuliwa inasikika safi kabisa: treni inazunguka, taa zinawaka, bwana mkubwa anatabasamu. Ukiingia chumbani ndipo unasikia harufu ya injini iliyopata moto, unaona swichi ambayo lazima isukumwe kwa kidole, unakuta kona nzima haijamalizwa na imefunikwa gazeti. Hayo ndiyo yangetuambia Seehofer ni mtu wa namna gani. Tulichopata ni ile sanamu ya Merkel tu, na sanamu ni mzaha ambao yeyote anaweza kuurudia akiwa mbali.

Wajerumani, hata hivyo, hawaoni ajabu siasa kuchanganyika na treni ndogo. Pale Miniatur Wunderland mjini Hamburg, reli kubwa mno iliyofunguliwa mwaka 2001 na ndugu mapacha Gerrit na Frederik Braun, vyama vya siasa viliwahi kukaribishwa kabla ya uchaguzi wa 2009, kila kimoja kikapewa mita moja ya mraba kiunde nchi kinayoitamani. Wazo zuri sana. Ilani hata iwe na kurasa ngapi unaweza kuficha mambo ndani yake, lakini kwenye mita moja ya mraba lazima uamue: hapa shule, hapa kiwanda, na nafasi imekwisha.

Halafu wako walioagiza tu, wakajengewa na wengine. Huko Gwalior, India, katika kasri la Jai Vilas, maharaja wa ukoo wa Scindia alikuwa na treni ya madini ya fedha iliyopita juu ya meza ya chakula, ikiwapelekea wageni vinywaji na sigara. Mabehewa ni saba, na kila moja limebeba herufi moja ya jina SCINDIA, isije mgeni akasahau yuko kwa nani. Mgeni akiinua chupa, treni inasimama. Akiirudisha mahali pake, inaendelea na safari. Hapo ndipo fundi ndani yangu anapotaka kuinama chini ya meza, kwa sababu huo ni ustadi: uzito wa chupa unafunga sakiti, ukiondoka sakiti inakatika. Swichi ya jokofu inayowasha taa mlango ukifunguliwa ni ndugu yake wa karibu. Maharaja, bila shaka, hakuiunda yeye. Treni ile ilikuwa ya kuonyesha hadhi, na kwa kazi hiyo ilifaulu, kwani bado iko hapo kasrini kwenye makumbusho. Uzuri wa kisa hiki uko mbele kidogo: mjukuu wake, Madhavrao Scindia, aliingia siasa na katika miaka ya 1980 akawa waziri wa reli katika serikali ya India. Kutoka reli ya mezani hadi mojawapo ya mitandao mikubwa zaidi ya reli duniani, ndani ya vizazi viwili.

Napoleon wa Tatu, kaizari wa Ufaransa, naye alimwekea mwanawe reli ndogo katika bustani ya Saint-Cloud mwaka 1859, mtoto akiwa na miaka mitatu. Mtoto wa miaka mitatu na reli! Baba ndiye aliyeitaka, tusidanganyane.

Hermann Göring, mkuu wa jeshi la anga la Wanazi, lazima atajwe, ingawa hobi yetu haifaidiki kwa jina lake. Katika jumba lake la Carinhall, kaskazini mwa Berlin, alikuwa na reli kubwa ambayo wageni wa heshima walipelekwa kuitazama, na juu yake kulikuwa na ndege za kuchezea zilizoning'inia kwenye waya, zikidondosha mabomu. Wanaotaka kuthibitisha ile nadharia ya kiu ya madaraka humkimbilia yeye. Lakini angalia alichofanya: aliwakusanya watazamaji. Chumba cha mjenzi, kwa kawaida, hakina watazamaji. Mke wangu huingia kwangu kuuliza kama nitakula, basi.

Sasa tuje kwa aliyenifanya niandike haya yote, Rod Stewart, yule mwimbaji Mwingereza mwenye sauti ya mikwaruzo. Novemba 2019 alilionyesha jarida la Railway Modeller kazi yake ya miaka 23: mji wa Marekani wa miaka ya 1940, unaofanana na New York na Chicago kwa pamoja, aliouita Grand Street and Three Rivers City. Wakati huo ulikuwa ghorofani kwake Los Angeles, una urefu wa takriban mita 38, na baadhi ya maghorofa yake yana kimo cha mita moja na nusu. Redioni, kwenye kipindi cha Jeremy Vine cha BBC Radio 2, ikadokezwa kwamba labda hakuujenga mwenyewe. Stewart akapiga simu studio. Hakutaka kusifiwa. Alitaka ijulikane kwamba asilimia 90 ni kazi ya mikono yake, na kwamba kitu pekee kilichomshinda ni umeme, ambao alimpa mtu mwingine.

Nilipoisoma hiyo nilicheka peke yangu. Mimi ni kinyume chake kabisa. Nyaya zangu unaweza kuzipiga picha ukafundishia darasa, lakini majengo yangu yamepinda yote, na miti yangu inafanana na brashi za kuoshea chupa.

Ila kwa kuacha umeme sikumlaumu. Mita 38 si mchezo. Watu wanadhani unaunga waya mbili mwanzo wa reli, basi umeme unatembea mpaka mwisho. Reli zenyewe ni kipitishio kibovu cha umeme, na viungio vyake ndivyo vibaya zaidi. Vinalegea, vinashika kutu, na huko mwisho treni inakuwa inajikokota. Kwa hiyo unapitisha waya mnene chini ya meza kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila baada ya mita moja au mbili unapandisha waya mwembamba kupitia tundu na kuulehemu ubavuni mwa reli. Unasugua pale mahali kwa msasa hadi chuma king'ae, unapaka dawa ya kulehemu kidogo, unagusa kwa ncha ya moto, na una sekunde mbili au tatu. Ukichelewa, mataruma ya plastiki yanayeyuka na mwanya kati ya reli unapanuka, na treni itaanguka hapo kila ikipita. Fanya hivyo kwa reli zote za mji mzima wenye njia nyingi. Mimi ningeifanya kazi hiyo kwa furaha, lakini mimi ni mgonjwa wa mambo haya.

Alichofanya Stewart kwa mikono yake ndicho nisichokiweza. Alieleza jinsi anavyotengeneza njia za waenda kwa miguu kandokando ya barabara: anaanza na rangi ya kijivu, halafu chaki, halafu unga mweusi kidogo kwenye mitaro ili ionekane chafu. Njia safi mno haimridhishi. Fikiria tajiri wa kiwango kile, ameinama na brashi, anachafua mtaro wa mji ambamo dereva wa treni, kama angekuwepo, angekuwa na kimo cha sentimita mbili. Na akisafiri kwa maonyesho, kazi inasafiri naye. Hoteli inampa chumba cha ziada, vitanda vinatolewa, feni zinawekwa kwa ajili ya hewa kwani gundi na rangi zina mvuke, na majengo yanaendelea humo kabla ya tamasha. Alikiri kwamba angejua mapema itachukua muda wote huo, huenda asingeanza. Hiyo ndiyo lugha ya mjenzi. Anayeagiza hazungumzi hivyo, kwa sababu yeye alingoja tu.

Mwimbaji Frank Sinatra alikuwa mkusanyaji, na nyumbani kwake Rancho Mirage, California, alijenga chumba chenye sura ya stesheni kwa ajili ya treni zake za Lionel, kampuni ya Marekani ya treni za kuchezea. Warren Buffett, tajiri wa Marekani, alipoinunua kampuni ya reli ya BNSF, dili lililotangazwa mwaka 2009, alitania kwamba yote hayo yalitokea kwa sababu baba yake hakumnunulia treni ya kuchezea utotoni. Hawa wawili nawapita, gundi haikuwahusu sana.

Walt Disney, kinyume chao, alikwenda kwenye karakana ya studio yake akajifunza kukata na kuchonga kama mwanagenzi. Reli yake, Carolwood Pacific, ilianza mwaka 1950 nyuma ya nyumba, ikiwa ya kipimo cha 1:8, injini yake ya mvuke halisi na abiria wakipanda juu ya mabehewa. Behewa la walinzi la mwisho wa treni alilijenga yeye mwenyewe, na ndani akaweka jiko dogo la makaa. Reli ilibidi ipite chini ya bustani ya maua ya mkewe Lillian, kwa hiyo likachimbwa handaki, tena lenye kona, ili anayeingia asione mwisho wake. Yeye na mkewe walikuwa na mkataba wa maandishi wa haki ya njia. Na injini aliipa jina la mkewe, Lilly Belle. Bwana huyo alijua siasa kuliko wanasiasa.

Nimemweka mwanamuziki Neil Young mwisho kwa upendeleo wa wazi. Mwanawe Ben alizaliwa na mtindio wa ubongo, hawezi kusema na mikono haimtii. Treni zilikuwa kitu ambacho baba na mwana wangefanya pamoja, lakini vifaa vya kuziongoza vilitaka vidole. Young akaanza kutafuta njia ya Ben kuendesha kwa kubonyeza kitufe kikubwa. Kutoka hapo akaingia ndani ya kampuni ya Lionel yenyewe, akawa mmoja wa wamiliki wake mwaka 1995, na jina lake limo kwenye hataza, yaani hati za haki ya uvumbuzi, za vifaa vya kuongozea treni ndogo.

Kwa asiye fundi, kazi yenyewe ni hii. Kwa mtindo wa zamani unapunguza au kuongeza volti relini, kwa hiyo kila treni iliyoko kwenye kipande hicho cha reli inakimbia au kusimama pamoja na nyingine. Mfumo ambao Lionel iliutoa katikati ya miaka ya 1990 unaacha volti relini bila kubadilika, halafu unatuma ishara yenye namba, na kila injini ina kifaa ndani kinachosikiliza namba yake tu. Namba tano inaondoka, namba saba inabaki stesheni. Ukishatenganisha amri na umeme hivyo, haijalishi tena amri imetoka kwenye nini. Yaweza kuwa gurudumu dogo la kuzungusha kwa vidole, yaweza kuwa kitufe kipana kama sahani kilichowekwa pale kichwa cha Ben kinapofika.

Bado sijaona picha ya nyaya za Young chini ya meza. Akiniruhusu, nitabeba tochi na kipima umeme changu mwenyewe.