Nilivyohakiki kumbukumbu za upasuaji kwenye mfumo wa hospitali

Ripoti ya mwezi iliyochapwa kutoka kwenye mfumo ilionesha kwamba karibu hakuna mgonjwa wetu aliyefariki baada ya upasuaji. Wauguzi wa thieta walipoisoma waliguna. Mganga mfawidhi akaniita, akataka nimweleze kama takwimu hizo zinaaminika kabla hajatia saini. Mimi ni mtu wa kumbukumbu za afya, si daktari. Nadhani hilo lilinisaidia, maana sikuwa na upasuaji wowote wa kuutetea.

Tangu tume ya jarida la Lancet kuhusu upasuaji duniani itoe ripoti yake mwaka 2015, hospitali zimekuwa zikiulizwa mambo mawili: mmefanya upasuaji kiasi gani, na wangapi walifariki kabla ya kuruhusiwa. Tume hiyo iliweka lengo la upasuaji 5,000 kwa kila watu 100,000 ifikapo mwaka 2030. Sasa hesabu zote hizo hutoka kwenye kumbukumbu zilezile, kwa hiyo rekodi isipoingizwa, mgonjwa anapotea kwenye idadi ya upasuaji, na kama alifariki, na kifo chake kinapotea pia.

Sikuanzia kwenye kompyuta. Nilianzia kwenye rejesta ya thieta, lile daftari kubwa lenye madoa ya iodini, ambalo muuguzi hulijaza hata umeme ukiwa umekatika. Uhakiki niliokuwa nimeuzoea ni wa upande mmoja: unachukua rekodi iliyo kwenye mfumo, unafungua faili, unaona kama zinalingana. Hapo utajua usahihi wa kilichoingizwa, lakini kilichoachwa hutakiona kamwe. Kwa hiyo nilikwenda pande zote mbili, kutoka daftari kwenda mfumo na kutoka mfumo kurudi kwenye daftari, kisha nikaongeza chanzo cha tatu: fomu za mtaalamu wa usingizi.

Fomu hizo ndizo zilizonifumbua macho, kwa sababu zilikuwa na wagonjwa ambao hawakuwa kwenye daftari wala kwenye mfumo. Kuna hesabu ya kukadiria waliokosekana kote. Tuseme orodha moja ina wagonjwa 200, nyingine 180, na 150 wamo kote kuwili: 200 mara 180, gawanya kwa 150, unapata 240, makadirio ya wagonjwa wote. Orodha zote mbili kwa pamoja zina 230, kwa hiyo kama 10 hawamo popote. Sharti lake ni kwamba orodha zisinakiliane. Mfumo wetu ulikuwa unajazwa kutoka kwenye rejesta, kwa hiyo kulinganisha viwili hivyo peke yake kungenipa faraja ya uongo. Fomu za usingizi hujazwa na mtu mwingine, kwa kazi nyingine.

Nilipowapanga waliokosekana kwa saa na aina ya upasuaji, jibu lilijitokeza lenyewe. Ngiri za kupangwa, za asubuhi, zilikuwemo karibu zote. Waliokosekana walikuwa wa dharura za usiku: utumbo uliotoboka, majeruhi, upasuaji wa uzazi wa alfajiri. Usiku muuguzi ni mmoja, mtandao umekata, na mgonjwa akifariki faili lake huenda moja kwa moja kwenye taratibu za kifo bila kupita kwa mwingiza data. Yaani waliokuwa hatarini zaidi ndio waliokuwa wepesi kupotea. Ukiniuliza, hilo ni baya kuliko makosa ya tahajia elfu moja, kwa sababu linaisukuma takwimu upande mmoja tu, upande unaopendeza.

Kwa rekodi zilizokuwemo, tulikuwa wawili, kila mmoja akisoma faili peke yake. Jinsia na aina ya upasuaji hazikusumbua. Madhara baada ya upasuaji yalisumbua sana. Kwa asilimia tulikuwa tunakubaliana na mfumo vizuri tu, lakini wagonjwa wengi hawapati madhara, kwa hiyo hata anayeandika “hakuna” akiwa amefumba macho atapatia mara nyingi. Ndiyo maana nilitumia kappa, kipimo alichokitoa Jacob Cohen mwaka 1960, kinachoondoa makubaliano ya bahati. Hapo alama zikaporomoka. Chanzo chake kilikuwa kwenye skrini: kisanduku cha madhara kilifunguka kikiwa tayari kimejazwa “Hakuna”. Usipokigusa, kimejibu kwa niaba yako.

Saa nazo zilikuwa na vituko vyake. Kuna upasuaji uliomalizika kabla haujaanza, kwa kuwa ulivuka saa sita usiku na mfumo haukuuliza tarehe ya kumaliza. Kuna nyingine zenye tarehe ya miaka ya nyuma kabisa: kibetri cha duara ndani ya kompyuta ya thieta kilikuwa kimekufa, na kila umeme ulipokatika saa ilirudi mwanzo.

Marekebisho hayakuhitaji fedha nyingi. Kibetri kilibadilishwa, kisanduku cha madhara kikaachwa wazi, na rejesta ikapewa namba mfululizo ambayo mfumo unaidai. Namba ikirukwa, pengo linaonekana. Asubuhi, zamu zinapokabidhiana, muuguzi anayetoka na mwingiza data wanapitia pamoja kesi za usiku, fomu za usingizi zikiwa mezani. Kulikuwa na pendekezo la kuachana na daftari kabisa. Nililipinga, na bado nalipinga.

Ripoti iliyofuata ilionesha vifo vingi zaidi, na ilibidi mganga mfawidhi aambatanishe maelezo ili wakubwa wasidhani tumeanza kuua watu. Kinachonisumbua sasa ni wagonjwa tunaowapa rufaa wakiwa hai. Kwetu wanahesabika wametoka salama, na hospitali inayowapokea haina pa kuandika kwamba tulishawapasua. Nimeanza kuwapigia simu ndugu zao siku ya 30 baada ya upasuaji, kwa namba zilizo kwenye faili, zile zinazopatikana.