Kinga ya saji ilikuwepo, kadi ikaungua: nilivyoifunga upya paneli ya pampu

Radi ilipiga jirani usiku, asubuhi pampu zote tatu zikakataa kuwaka. Nilipofungua paneli nikakuta pawasaplai ya volti 24 imekufa, na kadi ya analogi, ile inayosoma sensa kwenye PLC (kompyuta ndogo inayoendesha pampu), inanuka kuungua. Kinga ya saji, kifaa cha kumwaga eathi mruko wa ghafla wa volti kama ule wa radi, ilikuwa chini kabisa ya paneli, kidirisha chake bado kijani, maana yake nzima. Mwendesha mitambo akaniuliza, "Fundi, kinga si hii hapa? Sasa imekinga nini?" Sikuwa na jibu, na kinga ile niliifunga kwa mikono yangu.

Nikachukua tepu nikapima waya. Kutoka kwenye basibaa juu, kupitia tranki hadi kwenye kinga: sentimita 95. Kutoka kwenye kinga hadi baa ya eathi upande wa pili: sentimita 85. Jumla mita 1.8. Kwa macho kazi ilikuwa safi, waya zimelala ndani ya tranki na kona zimekaa sawasawa. Lakini saji haijali usafi huo. Waya mnyoofu una induktansi (tabia ya kupinga mkondo unaobadilika ghafla) ya karibu mikrohenri 1 kwa kila mita, na mkondo ukipanda kwa kasi ya kiloampea 1 kwa mikrosekunde 1, kila mita huongeza volti kama 1,000. Kinga yangu ilikuwa na Up, yaani volti inayobaki kinga ikifanya kazi, ya kilovolti 1.5. Jumlisha kilovolti 1.8 za waya, unapata 3.3. Pawasaplai yangu ilikuwa ya kundi la II la uvumilivu wa saji, ambalo kwenye mfumo wa volti 230/400 huhesabiwa kuhimili kilovolti 2.5. Kinga ilifanya kazi yake, waya zangu ndizo zilizoipitisha hatari.

Kwa hiyo safari hii nilianza na mahali pa kuifunga, ndipo nikaja kwenye kifaa chenyewe. Kiwango cha IEC 60364 kinataka waya za kinga, za kuingia na za kwenda eathi kwa pamoja, zisizidi nusu mita. Nilihamisha breka mbili ndogo, kinga ikakaa ubavuni mwa breka kuu. Nikafunga baa ndogo ya eathi chini yake tu, nikakwangua rangi ya bamba hadi chuma kikang'aa, kisha nikaikaza kwa boliti. Kutoka kwenye kinga hadi kwenye baa hiyo ni sentimita 12. Upande wa fezi sikuchepusha waya: waya wa kuingia unafika kwenye tominali ya kinga, na kutoka hapo hapo unaendelea hadi kwenye breka, kama herufi V. Kabla ya kufanya hivyo hakikisha tominali za kinga zinabeba mkondo wa mzigo wako. Paneli yangu inalindwa kwa ampea 40, na tominali ziliruhusu 63.

Uteuzi wenyewe ulikuwa hivi. Jengo lina kizuia radi juu ya paa, hivyo kwenye paneli kuu, umeme unapoingilia, niliweka kinga ya aina ya 1, ile inayopimwa kwa wimbi la 10/350 linaloiga mkondo wa radi yenyewe. Paneli ya pampu iko mita 40 kutoka hapo, na ukipita mita 10 hivi huwezi kutegemea kinga ya mbali, kwa hiyo nayo ikapata yake ya aina ya 2. Kwa Uc, yaani volti ya juu kabisa ambayo kinga huivumilia muda wote, muuzaji alinisukumia ya volti 385, akisema kubwa ndiyo salama. Nilikataa. Uc ikipanda, Up nayo hupanda, na vifaa ndivyo vinavyolipia tofauti hiyo. Nilikuwa nimerekodi volti kati ya fezi na niutro kwa wiki nzima na haikuvuka 243, basi 275 ikanitosha. Mfumo wetu ni TN-S, yaani eathi inatoka kwenye chanzo cha umeme kwa waya wake, mbali na niutro. Ingekuwa TT, ambapo jengo lina fimbo yake ya eathi, ningechukua ya 3+1, ambayo kati ya niutro na eathi ina pengo la cheche badala ya varista (kipande kinachopitisha mkondo volti ikizidi). Fyuzi pia iangaliwe: kwenye paneli kuu fyuzi ya laini ilikuwa kubwa kuliko ile ambayo mtengenezaji wa kinga anairuhusu, ikabidi kinga ipate fyuzi zake.

Ile kadi ya analogi ilinisumbua zaidi. Haipati umeme wa 230 moja kwa moja, sasa iliunguaje? Nikafuata waya wa sensa ya presha, ule wa miliampea 4 hadi 20, nikakuta unatoka nje, unatambaa ukutani hadi kwenye tangi. Saji ilikuwa na mlango wa pili kabisa. Nikafunga kinga ndogo za mawimbi ya volti 24 pale waya zinapoingia paneli, nikatenga tranki: waya zinazotoka nje upande mmoja, zilizokwisha kukingwa upande mwingine. Ukizilaza pamoja, saji inaruka kutoka waya mmoja kwenda mwingine.

Siku ya kupima insulesheni kwa mega, chomoa kwanza katriji zote, vile vipande vya kinga vinavyochomoka. Varista huanza kupitisha mkondo kwenye volti 500 za DC, na utapata kipimo kibaya, udhani kebo imeoza.

Kontakti ya taarifa ya kinga nimeiunganisha na PLC, kwa sababu hakuna anayefungua paneli kila siku kutazama kidirisha. Msimu uliofuata alamu ililia baada ya dhoruba. Katriji ya fezi ya pili ilikuwa nyekundu. Nikazima umeme, nikachomeka nyingine, nikaandika tarehe ndani ya mlango wa paneli, chini ya vile vipimo vya waya. Kadi ya analogi ilikuwa ile ile niliyoiweka mwaka uliotangulia, inasoma presha bila tatizo.