Nondo wa kwa kukhu

Nilikuwa nimeenda Shinyalu kuona kukhu, yaani nyanya yangu, si unajua ukitoka Nakuru unadhani hakuna kitu kitakushangaza huko nyumbani. Mchana nikapita kando ya msitu wa Kakamega nikaona kitu kinaning'inia kwa tawi, rangi ya kahawia kama mfuko wa gunia umekunjwa vibaya, nikakishika tu hivi. Wueh! Mpaka jioni mikono ilikuwa inawasha kama nimepakwa upupu, kukhu anacheka tu, "mjukuu wangu, hiyo haishikwi na mkono mtupu."

Kumbe ni nyumba ya viwavi. Jina lao la sayansi ni Anaphe panda (haina uhusiano na yule dubu wa China) na wanakula majani ya mti unaitwa Bridelia micrantha. Hawa viwavi hawaishi peke yao kabisa, wakihama mti wanafuatana laini moja mmoja nyuma ya mwingine kama watoto wa nasari wakienda asembo, halafu wakikomaa wanajenga huo mfuko mmoja wa hariri wote pamoja na ndani kila mtu anajifumia kifuko chake, wanakaa humo miezi. Zile nywele zao zinabaki kwa mfuko, ndio maana niliumia hata kama wenyewe hawakunigusa.

Na hiyo hariri ni pesa. Watafiti wa icipe, kile kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, wamefanya kazi na watu wanaoishi karibu na huu msitu, pande za Isecheno na Ikuywa, kufuga hawa viwavi. Hiyo hariri huwezi kuivuta uzi mmoja mrefu kama ile ya China, lazima uichemshe iwe laini ndio uisokote kama pamba.

Lakini kilichonishika ni kitu kingine. Kila mtu ana story ya kiwavi na ya mfuko, ukiuliza na yule nondo anayetoka humo akiwa na mabawa anafananaje, kimya. Hata intaneti, nilitafuta nondo nikaletewa bei ya vyuma vya kujenga slabu.

Usiku huo saa tatu hivi kitu kikagonga balbu ya veranda, pap, kikaanguka kwa ukuta. Mabawa ya krimu yana mistari mipana ya kahawia iliyoiva, mwili mnene una manyoya kama blanketi mpya, na mkiani fundo la nywele. Wanasema jike hufunika mayai yake na hizo nywele, kama anayatandikia. Nikachuchumaa na simu nikipiga picha, zote zikatoka na ukungu kwa sababu alikuwa anatetemesha mabawa bila kusonga.

"Zima hiyo taa," kukhu akaita kutoka ndani, "tokeni za stima zimebaki mbili."

Nikazima. Nikasikia nondo akigonga bati mara moja, halafu kimya.