Mkali wa gegedu ambaye saitesheni zimempita pembeni

Kuna dogo anasoma mambo ya maabara chuo hapahapa Mwanza, kanitumia wasapu orodha ya wanasayansi wa gegedu imepangwa kwa saitesheni, yani makala za mtu zimenukuliwa na wenzake mara ngapi, eti bro kati ya hawa nani mkali kweli? Nikamwambia wangu mimi hayumo humo, anaitwa Helen Muir. Hajawahi kumsikia, na wala simshangai.

Kwa wadau ambao sio watu wa sayansi, nenda buchani umwambie jamaa akupasulie goti la ng'ombe kabla halijawa supu ya makongoro. Kichwani mwa mfupa utaona kitu cheupe kinachoelekea ubluu kwa mbali, kinateleza, ukikibonyeza na ukucha kinagoma kidogo halafu kinarudi. Hilo ndo gegedu. Halina mishipa ya damu, halina neva, na kama asilimia 70 hivi ya uzito wake ni maji tu. Sasa jiulize, yule mbeba mizigo wa mwaloni wa Kirumba ana gunia la dagaa mgongoni, goti linakandamizwa kila hatua, hayo maji mbona hayaishi yote?

Hapo ndo Muir anapoingia. Ni Mwingereza aliyezaliwa India mwaka 1920, kasoma Oxford, na mwaka 1958 akaonyesha kwamba kondroitini salfeti, ile minyororo ya sukari iliyojaa kwenye gegedu, haielei tu humo ndani bali imeshikwa kwenye protini kupitia asidi amino inayoitwa serini. Mwaka 1972 akiwa Kennedy Institute kule London, yeye na Tim Hardingham wakachukua gegedu la koromeo la nguruwe (ndio, kitimoto, msininunie), wakatoa proteoglikani, yani hizo protini zilizoshika minyororo ya sukari, wakachanganya na asidi ya hayaluroniki (nayo ni mnyororo mrefu wa sukari) kidogo mno, na ule mchanganyiko ukawa mzito ghafla mana molekuli zilikuwa zinajipanga kwenye uzi mmoja mrefu wa hiyo asidi. Chukulia brashi za kuoshea chupa za mtoto, nyingi, zote zimening'inizwa kwenye kamba moja. Zile nywele za brashi, ndo ile minyororo ya kondroitini salfeti, zina chaji hasi, zinavuta maji na zenyewe zinasukumana, halafu wavu wa kolajeni, zile nyuzi ngumu za protini, unazizuia zisitanuke kupita kiasi, kwa hiyo ukikandamiza maji yanatoka polepole sana na ukiachia yanarudi. Goti la jamaa wa Kirumba limejibiwa.

Haya, tuje kwenye hesabu. H-indeksi ambayo watu wanaitumia kupimana ubabe ilitolewa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, na mwaka huohuo Muir akafariki, yani maisha yake yote ya kazi yalipita hicho kipimo hakijakuwepo. Ukiwa na h ya 20 maana yake una makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20, basi, haikuambii zimenukuliwa kwa sababu gani. Angalia makala ya Lowry na wenzake ya mwaka 1951, imenukuliwa zaidi ya mara 300,000, lakini ni njia ya kupima kiasi cha protini, kila maabara iliihitaji ndo mana kila mtu akaiandika. Ugunduzi wa Muir wa 1958 wenyewe umeshakuwa kitu cha kwenye vitabu vya kiada, nani leo atahangaika kuweka rejeo? Robert Merton, yule mwanasosholojia, aliliona hili kitambo, kwamba wazo likishakuwa la kila mtu jina la mwenyewe linadondoka njiani.

Sisemi namba zote ni uongo. Mwaka 1994 Brittberg na wenzake wa Sweden walitoa ripoti ya wagonjwa 23 waliopandikizwa seli zao wenyewe kwenye magoti yaliyoharibika, ile makala imenukuliwa maelfu ya mara na kiukweli inastahili. Ila sasa maabara wakitaka kujua kama gegedu lililoota ni la maana, kipimo kimoja cha kawaida ni kukata kipande chembamba na kukipaka rangi ya safranini, penye proteoglikani panakuwa pekundu. Zile zile alizozihangaikia Muir, na kwenye marejeo mwishoni mara nyingi utamkuta aliyetengeneza maksi za kupimia huo wekundu, yeye humkuti.