Wiki ya Pasaka Tiberia, na Mikate ya Bibi wa Magu

Betlehemu mkate si shida. Hoteli tuliyofikia haikufanana na picha tulizoonyeshwa Mwanza, maji ya moto yalikuja kwa kubahatisha na dirisha langu lilitazama ukuta wa jirani, lakini asubuhi meza ilijaa mikate bapa iliyotoka jikoni muda huohuo. Unaupasua unatoa mvuke, unachovya kwenye mafuta ya zeituni, kisha kwenye zaatari, majani makavu ya viungo yaliyochanganywa na ufuta, na unakula mpaka unaanza kuona aibu. Bibi mmoja wa Magu, mkubwa kwa umri kuliko sote kwenye kundi letu la hija, aliipenda mikate ile kuliko baadhi ya mahali patakatifu tulikopelekwa. Kila tulipopita penye tanuri la mtaani alisimama. Kijana anatandaza donge, analisukumia ndani kwa ubao mrefu, donge linavimba lote, likitoka nje linanywea taratibu. Bibi anatikisa kichwa, kundi linamsubiri, kiongozi anaangalia saa.

Ilikuwa Aprili 2019. Mwaka huo Ijumaa Kuu yetu na mkesha wa Pasaka ya Wayahudi viliangukia siku moja, tarehe 19. Waliotuuzia safari walilisifia hilo sana: mtakuwa Yerusalemu Juma Kuu, tena wakati wa Pasaka yenyewe! Hawakusema lina maana gani kwa tumbo. Ijumaa Kuu naiacha. Njia ya Msalaba ilifurika hivi kwamba kituo cha tano, kwa upande wangu, kilikuwa mgongo wa Mpolandi mmoja mrefu. Jumapili ya Pasaka tulirudi kusali Betlehemu, na kule Kanisa la Kuzaliwa Wagiriki, yaani Waorthodoksi, walikuwa bado kwenye Jumapili ya Matawi, maana kalenda yao na yetu hazikukutana mwaka ule. Akina mama wao walikuja na mikate ya duara iliyoumuka vizuri, imepigwa mhuri juu, wakaikabidhi kwa ajili ya ibada. Bibi akaniuliza kwa kunong'ona kama na sisi tutapewa.

Jumatatu tukapanda basi kwenda Galilaya. Bibi alikuwa na mfuko wa plastiki umejaa mikate ya Betlehemu. "Huko mbele hatukujui," alisema.

Tiberia hoteli ilikuwa bora, nikiri hilo, ila chupa ya maji mezani iliuzwa bei ya chakula cha mchana cha Mwanza. Tukaingia ukumbini kwa chakula cha jioni. Supu ipo, kuku yupo, saladi za kila namna zipo, mkate hakuna. Mahali pa mkate pamewekwa vipande vya mraba, vikavu, vina vitobo vya mistari, vinavunjika ukivishika vibaya. Matza. Bibi alikigeuza kimoja, akakirudisha kwenye sahani kwa adabu, akafungua mfuko wake, akaweka mkate katikati ya meza.

Sijui aliyeona kwanza ni nani, lakini kabla hajaumega alikuwa ameshafika mzee mwenye ndevu nyeupe na kofia nyeusi, anatembea haraka bila kukimbia. Ndiye msimamizi wa mambo ya kosheri, sheria za Kiyahudi za chakula, pale hotelini. Alizungumza Kiingereza, mimi nikageuka mkalimani.

"Samahani, mama. Huo hauruhusiwi humu."

"Mwambie sijauiba. Nimeununua Betlehemu kwa hela yangu."

"Najua hajauiba. Lakini una chachu."

"Una nini?"

"Hamira, bibi."

Bibi akautazama mkate, akamtazama mzee. "Sasa bila hamira utaumukaje?"

Nilipotafsiri, mzee alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Ndiyo maana hatuuli. Wazee wetu walipotoka Misri hawakuwa na muda wa kusubiri uumuke."

Kisha akaeleza, na nilivyoona alikuwa anajizuia asitazame kitambaa cha meza. Kabla ya sikukuu nyumba husafishwa mpaka pembeni mwa makabati, usiku wa mwisho makombo hutafutwa kwa mwanga wa mshumaa, asubuhi yanachomwa moto. Matza yenyewe, tangu maji yanapogusa unga mpaka inapotoka jikoni, isizidi dakika 18, ikizidi imeshahesabiwa kuwa imechachuka. Jiko lote la hoteli na vyombo vyake vilikuwa vimetayarishwa kwa ajili ya juma hili. Na sasa mkate wa Betlehemu ulikuwa umelala katikati, karibu na chumvi. Ukumbi mzima ulikuwa unatutazama, watoto wamesimama juu ya viti ili waone.

Mtu mwingine angeona haya. Bibi aliweka kiganja juu ya mkate. "Sasa niupeleke wapi? Mkate hautupwi."

"Kwetu pia hautupwi," mzee akasema.

Hapo wote wawili wakanyamaza, wamekubaliana na bado wamekwama.

Aliyetuokoa ni dereva wetu, Mwislamu wa Nazareti, aliyekuwa mlangoni anavuta sigara. Mzee alimwita, wakazungumza Kiebrania, wakacheka. Kumbe Wayahudi wana utaratibu: chachu ambayo huwezi kuichoma unamuuzia asiye Myahudi, na sikukuu ikiisha unainunua tena. Hata ya serikali huuzwa hivyo kwa Mwarabu wa kijiji cha Abu Ghosh, kila mwaka. Bibi si Myahudi, hakulazimika kuuza chochote, bali aliposikia neno kuuza akachangamka.

"Basi namuuzia. Shekeli moja."

Dereva akatoa shekeli moja, akabeba mfuko wake mpya kwenda nao kwenye basi. Mzee alijitwalia mwenyewe kitambaa cha meza, akakikunja kwa ndani, akatuletea kingine pamoja na sahani ya matza iliyojaa pomoni, kama adhabu au kama zawadi, sikuelewa.

Ndipo nikala. Haina chumvi, haina mafuta, ni unga na maji. Ila ilipogusa ulimi nikaijua papo hapo. Nimepokea hostia, mkate wa Komunyo, tangu nikiwa darasa la tatu, na ladha ilikuwa ileile, tofauti ni kwamba hii unaruhusiwa kuitafuna kwa kelele na kuiongeza.

Asubuhi tulikunywa chai hotelini, kisha kwenye maegesho dereva akatukaribisha tule mkate "wake" ndani ya basi. Padri wetu alikuwa akitafuna alipochukua kipaza sauti. Mathayo, Marko na Luka wanasema karamu ya mwisho ilikuwa ya Pasaka, akasema, kwa hiyo alichokishika Bwana na kukimega ni ndugu yake kile mlichokilalamikia jana. Ndiyo sababu Kanisa la Magharibi linatumia mkate usiotiwa chachu. Wagiriki wanatumia uliochachuka, kwao chachu inaonyesha uhai wa Kristo mfufuka, na ubishi huo ulikuwa mmojawapo katika ugomvi wa mwaka 1054 uliolipasua Kanisa. Bibi aliuliza swali moja tu: waligombana kwa sababu ya hamira? Padri akasema yalikuwepo na mengine.

Tabgha ni karibu. Pale ndipo wakumbukapo muujiza wa mikate mitano. Kanisa la hapo lilichomwa moto makusudi Juni 2015, na lilikuwa limeshakarabatiwa. Mbele ya altare, sakafuni, kuna picha ya vijiwe vya rangi ya karne ya 5: kapu, na huku na huku samaki wamesimama wima. Ukiinama ukahesabu mikate kapuni unapata minne, kila mmoja una msalaba. Wa tano, wanasema, ni ule unaowekwa altareni wakati wa Misa. Nilikaa pale muda mrefu kuliko muda tuliopewa. Mchana tulilishwa "samaki wa Mtakatifu Petro" kando ya ziwa kwa zaidi ya shekeli sabini, na aliletwa sato. Sato! Watu wa Mwanza tumevuka bahari kula sato mdogo kuliko wa Kirumba, na kwa pesa hiyo nyumbani unalisha jirani na wageni wake.

Kafarnaumu ndiko nilikopata nilichokwenda kutafuta, ingawa sikuwa na habari kwamba nakitafuta. Sinagogi la mawe meupe linaloonekana sasa ni la karne kadhaa baada ya Yesu, limekaa juu ya msingi wa mawe meusi. Mahali hapo, kwa Injili ya Yohane, ndipo aliposema: mimi ndimi mkate wa uzima. Wenzetu walipiga picha nguzo. Bibi alikwenda pembeni, kwenye mawe ya kusagia yaliyopangwa uani, meusi, ya volkano, yamelika katikati. Alichuchumaa mbele ya moja, akaweka mikono hewani, akaanza kuisukuma mbele na nyuma, bega likifuata, kama mtu anayesaga mtama.

"Kumbe walisaga kama sisi," akasema. "Basi mkate wao ni ugali."

Nilikulia kijijini ambako mkate ulikuja na mgeni kutoka mjini. Ulikatwa vipande vyembamba ili wote waonje, na kipande kikubwa kilipelekwa kwa mgonjwa hospitalini pamoja na soda. Paroko aliposoma kuhusu mkate wa uzima, mimi mtoto nilisikia kitu kitamu, cha mbali, cha siku maalumu. Kumbe wale watu waliomfuata Yesu mpaka Kafarnaumu walikuwa wanafuata ugali. Yeye mwenyewe aliwaambia wazi: mnanitafuta kwa kuwa mlikula mkashiba. Na ile mikate mitano ya kijana, Yohane anasema ilikuwa ya shayiri, nafaka ya watu wasio na uwezo. Halafu nikakumbuka sheria ya Kanisa, kanuni ya 924: hostia ni ya ngano, basi. Naielewa sababu yake, na masista wetu wanaichoma vizuri. Lakini nikiwa nimesimama pale penye jiwe, nilitamani yule kijana angekuwa ametokea Usukumani na kapu lake.

Yerusalemu tena, uwanja wa ndege, maswali ya usalama yasiyoisha, Addis Ababa usiku, sina la kusema.

Nilirudi na boksi la matza. Jumuiya ilipokutana kwangu, baada ya rozari nililifungua, nikawaambia hii ndiyo jamaa ya ule mkate wa meza ya mwisho. Watoto waliomba chai ya kuchovya. Mama mmoja akauliza kama makombo yaliyoanguka yanaruhusiwa kufagiliwa, na ubishi wa hapo ulichukua nusu saa. Katekista alikula chake taratibu mpaka mwisho, akataka kujua safari nzima ilinigharimu kiasi gani. Nilipomtajia, akauliza kama kwa hela yote hiyo hawakuweza kutia hata chumvi.