Nilivyopanga safari ya Yiwu kipindi cha baridi nikitokea Kigoma

Kina mama wenzangu wa soko la Mwanga wananiuliza sana hili jambo, kwa hiyo naandika mara moja niwe nawatumia tu. Mi nauza vitu vidogovidogo, pochi, mikanda, taa za sola, urembo wa kina dada, na mzigo nafuata mwenyewe China, Guangzhou na Yiwu. Safari hii ilibidi iangukie kwenye baridi yao maana hela ilikaa sawa mwezi wa 12 na mzigo niliutaka kabla ya Pasaka. Sasa mtu umezaliwa Ujiji, usiku ukigusa nyuzi 18 unatafuta shuka la pili, unapangaje safari ya kwenda kwenye nyuzi 3?

Kwanza ile hali ya hewa ya kwenye simu niliachana nayo. Ile inakuonyesha siku kumi mbele na hizo za mwishomwisho ni za kubahatisha, wakati tiketi mi nakata mapema ili niipate kwa bei ya kueleweka. Nilichotafuta ni wastani wa mwezi, yaani kwa miaka yote mwezi huo huwaga ukoje. Yiwu mwezi wa 12 mchana unafika nyuzi 12, 13 hivi, usiku unashuka mpaka 4, na mwezi wa 1 ni baridi zaidi ya hapo. Guangzhou iko kusini kabisa, mwezi huohuo mchana inagonga 20 na usiku 12, hiyo ni kali kidogo lakini mtu aliyeshawahi kulala Manyovu mwezi wa 7 haimsumbui. Afu mvua, hii watu wengi hawaiangalii. Disemba kwa miji yote miwili ni mkavu, ukisogea Februari na Machi Yiwu ni manyunyu tu, na Guangzhou kunakuja unyevu mpaka kuta na sakafu zinatoka maji, ukifua nguo ya ndani inakaa siku mbili haijakauka. Kiangazi chao nacho kina joto na vimbunga. Ukishaviweka vyote hivyo pamoja unaona Disemba na baridi yake ndo mwezi wenye nafuu, unajifunika, basi.

Kingine kilichonisukuma Disemba ni mwaka mpya wa Kichina. Tarehe yake inahama kila mwaka, 2025 ilikuwa 29 Januari, 2026 ni 17 Februari, na viwanda vinaanza kufunga mapema kabla ya sikukuu yenyewe maana wafanyakazi wanarudi kwao mikoani, na kurudi kazini hawaharakishi. Ukitoa oda katikati ya Januari unaweza kuambiwa subiri mpaka Machi. Kwa hiyo mwanzoni mwa Disemba unapata vyote, mvua kidogo na kiwanda kiko wazi.

Lakini jambo lililobadilisha mpango wangu wote nililipata kwa dogo mmoja wa kwetu Ujiji anayesoma Jinhua, mji uliopakana na Yiwu. Nilimwambia, mdogo wangu, nyuzi 4 mbona Wazungu wanaishi kwenye theluji kabisa na hawafi. Akanitumia voisi ndefu, akasema, "Dada, usipige hesabu ya nje, piga hesabu ya ndani. Huku niliko nyumba hazina joto." Nikafuatilia nikakuta ni kweli na ina historia yake. China wana mstari unaopita milima ya Qinling na mto Huai, kaskazini ya huo mstari serikali tangu miaka ya 1950 iliweka mabomba ya kupasha joto majumbani, kusini yake haikuweka. Beijing iko kaskazini, nje ni chini ya sifuri lakini ndani mtu anakaa na fulana. Yiwu iko kusini, nje nyuzi 6 na ndani karibu hizohizo, na kuna unyevu, kwa hiyo hakuna pa kukimbilia. Unakaa nayo kwenye mgahawa, unakaa nayo kwenye ofisi ya ajenti wa kusafirisha mzigo mnapiga mahesabu ya CBM (mita za ujazo za mzigo) vidole vimekufa ganzi, unalala nayo.

Hapo ndo nikaelewa koti kubwa moja sio dawa. Koti kubwa ni la mtu anayetoka nje na kuingia ndani kwenye joto. Mi nilihitaji nguo nyingi nyembamba za kuvaa kutwa nzima ndani na nje, nikipandisha ngazi za soko natoa moja, nikikaa narudisha.

Sasa nguo za baridi Kigoma mjini ni bei ya kutupa jamani. Bero la mitumba likifunguliwa asubuhi pale sokoni watu wanakimbilia magauni na fulana, masweta yanabaki chini kabisa, anayenunua ni wale wa Kasulu na Buhigwe wanaopeleka huko juu. Mi nikawa nainama nachambua taratibu, sweta ya sufu unaijua kwa kuishika, inakwaruza kidogo na ni nyepesi kuliko inavyoonekana, ile ya nailoni inateleza. Muuzaji akaniuliza, "Mama, unahamia Ulaya nini?" nikamwambia nahamia Makamba, hapo Burundi, tukacheka, akanipunguzia. Nikachukua masweta mawili ya sufu, taiti nzito, mzula na koti jepesi la kuzuia upepo. Ya kuvaa ndani kabisa sikununua, nilichukua jezi ya Yanga ya mwanangu. Msicheke, jezi inakausha jasho haraka, wakati fulana ya pamba ikilowa inabaki imelowa na ukisimama tu ubaridi unakuganda mgongoni.

Nguo hizo nilizijaribu kabla. Nilikuwa na mzigo wa kupeleka Kasulu, nikalala huko, alfajiri nikapanda bodaboda nimevaa zote, upepo wa pikipiki alfajiri ya kule sio mchezo. Kifua kikawa salama, miguu ikalalamika, kwa hiyo nikaongeza soksi nzito na raba namba moja kubwa zaidi ili soksi zikae bila kubana, maana kiatu kikibana damu haitembei na mguu unapoa zaidi.

Njia nayo niliipigia hesabu, maana kwao ni baridi yenye mvua chache lakini kwetu Disemba ndo masika yamekolea. Ndege ya Kigoma kipindi kile bei ilinishinda, nikachukua basi mpaka Dodoma halafu treni ya SGR mpaka Dar, na nikaondoka mapema kuliko ilivyohitajika, mvua ikiamua lake huko njiani niwe na muda. Ndege ya kwenda China haikusubiri kwa sababu eti ulikwama kwenye tope.

Nilitua Guangzhou kwanza, hii niliipanga makusudi. Nimekaa Xiaobei, mtaa wa Guangzhou wenye Waafrika wengi, nikimalizana na watu wa mikoba, mwili ukazoea zile 15, 16, ndo nikapanda treni ya kasi kwenda Yiwu. Kushuka kituoni jioni pumzi inatoka moshi mdomoni, nikasema haya tumefika.

Hotelini nilipata somo la rimoti. AC zao zinatoa joto pia ila rimoti yote ni Kichina, unabonyeza kitufe cha kubadilisha mpaka kwenye kioo kitokee kialama cha jua, ukiacha kwenye ile theluji inakupulizia baridi na ya kwako unayo. Ukishaweka jua usikate tamaa, dakika za mwanzo haipulizi chochote, inajipasha kwanza. Na ukichagua hoteli uliza hilo kabla ya kuuliza chai, kama AC inatoa joto na kama inafanya kazi usiku kucha.

Kitu kingine ni mafuta. Mi siachani na mise, mafuta ya kokwa za mchikichi, ngozi ya kule inakauka mpaka inapasuka midomo. Asubuhi ya kwanza nafungua kichupa mafuta yameganda kama sabuni, hayatoki. Nikawa nakiweka kichupa ubavuni mwa birika la umeme wakati nachemsha maji ya chai, yanayeyuka. Wengine chukueni vaselini mkapumzike.

Sokoni Futian, lile soko kuu la jumla la Yiwu, panataka miguu, yale majengo ukianza huku kumaliza sahau, maduka zaidi ya elfu 70. Wauzaji wenyewe wamekaa na makoti, chini ya meza kuna kihita cha miguu, ukikaribishwa kiti kaa tu, usijifanye una haraka, bei inashuka na miguu inapata moto. Kuna vile vipakti vya kubandika vinavyopata joto vyenyewe, bei ndogo sana, bandika juu ya nguo sio kwenye ngozi, vinaunguza taratibu bila wewe kujua. Na jua linazama saa 11 jioni, muda huohuo soko linafunga, sio kama huku kwetu saa 12 na nusu bado mtu anaonekana ziwani. Kwa hiyo shughuli ya kutembea niliiweka asubuhi na mchana, ajenti na makaratasi jioni.

Koti nene nilinunua hukohuko, la manyoya ya bata, ukilikunja linaingia kwenye mfuko wa mkate. Sikurudi nalo, nimemwachia dogo wa Jinhua anitunzie, nafasi ya begi nimewekea sampuli za pochi. Safari ijayo nalenga Novemba, baada ya tarehe 4 yale maonyesho makubwa ya Guangzhou yanakuwa yamekwisha, bei za hoteli zinashuka na Yiwu mchana bado ni nyuzi 18 hivi. Anayetaka tuongozane aanze kuweka hela sasa hivi.